Masale ya Mezani

Tup!

Sauti moja tu, usiku, nyuma ya nyumba.

Mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya wageni kwenye mteremko wa mlima kule Uchagani, alifumbua macho gizani akatega sikio. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeanza jioni ile, mvua laini, inanong'ona juu ya bati. Akangoja sauti irudi. Haikurudi. "Parachichi," akajiambia. "Limeanguka parachichi." Akavuta blanketi hadi masikioni, akalala.

Wapendwa, tuiache sauti hiyo hapo ilipo, nje kwenye mvua. Tutairudia. Kwanza twende na mama huyu asubuhi yake.

Aliamka mapema kama kawaida, akajifunga kitenge, akavaa mabuti ya mpira, akaenda chini ya mparachichi kuliokota hilo parachichi, maana alikuwa na wageni wa kuwaandalia kifungua kinywa. Hakuliona. Akalizunguka shina, akafunua majani kwa ncha ya buti. Hakuna kitu. "Ngedere," akasema, akarudi jikoni. Alishapata jibu lake usiku, kwa hiyo asubuhi hakuhangaika kutafuta jingine. Nasi si ndivyo tulivyo?

Nyumba ile haikuwa na bwawa la kuogelea. Ilikuwa na vyumba vya mbao, vyandarua vyeupe na mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Lakini wageni walitoka mbali kuifuata bustani yake, na mama aliilea bustani ile kwa majira. Kiangazi, udongo wote ulivishwa majani makavu ya migomba ili jua lisiuone uchi wake, na maji ya kumwagilia yalitoka kwenye tangi lililokinga mvua ya bati. Masika, miche ilitoka kwenye kivuli cha kitalu ikashuka ardhini. Vuli, maharage yalipandwa katikati ya maua, yakaulisha udongo na kuwalisha wageni. Julai, baridi iliposhuka na ukungu wake, mama hakupanda kitu. Alipunguza matawi, akanoa mapanga, akaiacha ardhi ipumzike. Sumu hakutia. Konokono aliwamwagia majivu ya jikoni. Miti yote ilikuwa ya pale pale mlimani, ile ambayo babu zake waliijua kwa majina, na ndege aina ya chozi walikuja kunyonya maua mbele ya wageni wanaokunywa chai, bila haya.

Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza, "Mama, mbona huna zile nyasi za hoteli, zilizolala kama zulia?"

"Nilikuwa nazo," mama akajibu. Kisha akaondoka haraka kwenda kuangalia maziwa jikoni, na maziwa siku ile yalikuwa hata hayajaletwa.

Mmemwona anavyokimbia? Niwaambie alichokuwa anakikimbia.

Mama huyu alikuwa na binti. Mmoja tu, aliyezaliwa baada ya kungojwa sana. Binti akaenda chuo cha hoteli, akarudi na moto mkubwa kifuani. "Mama, wageni wanataka kukiona kilele wakiwa kitandani, na miti yetu imekiziba." Mama akacheka. "Kilele hakihami. Watoke nje wakione." Lakini ikatokea mama akaitwa mjini kumwuguza dada yake, akakaa huko kitambo. Na binti, kwa nia njema kabisa, nawaambieni, kwa upendo kabisa, akataka mama akirudi ashangae. Akaita watu wenye misumeno. Miti ya ukingoni, ule ukingo wa juu ya nyumba, ikalala chini yote. Mahali pake pakatandikwa nyasi za kigeni, laini, za kijani, zinazokunywa maji kuliko ng'ombe. Mama aliporudi alishangaa kweli. Wageni walifurahi wakapiga picha.

Ndipo masika yakaja. Ndugu zangu, zulia la nyasi halina mizizi ya kushika mlima. Asubuhi moja ukingo wote uliachia, ukateremka taratibu kama mtu anayejivua shuka, na tope likalifunika kaburi la baba wa yule binti, lililokuwa pale pale ilipokuwa miti. Msalaba ukaenda, mawe yakaenda, na masale yaliyopandwa kulizunguka kaburi yakaenda. Hakuna aliyeumia. Lakini mama alisimama juu ya tope lile akamtazama mwanawe, akamwambia, "Umemzika baba yako mara ya pili." Kisha akamwambia, "Jina lako lisitajwe tena chini ya bati langu."

Na halikutajwa. Wapishi walijifunza, majirani wakajifunza. Ilipobidi kabisa, walisema "yule". Yule wa njia panda. Maana binti hakwenda mbali. Alipanga chumba kule chini barabara zinapokutana, akawa anawapikia chapati na chai watu wa malori ya ndizi.

Sasa, mliotoka Uchagani mnalijua isale. Wengine wenu nitawaeleza. Ni mmea wa kawaida tu, wenye majani marefu ya kijani. Huwekwa mpakani mwa shamba, hupandwa makaburini. Lakini mtu akikukosea, akachuma jani la isale, akalifunga kifundo, akakuletea, nawe ukalipokea kwa mkono wako, mambo yamekwisha. Umesamehe. Hata kama kuna damu katikati yenu, umesamehe, na huwezi kulirudisha. Ndiyo maana mwenye hasira ya kweli huogopa isale kuliko anavyoogopa panga.

Binti alifuata desturi. Mwaka ule ule alimtuma mzee mmoja wa kanisa alipeleke jani. Mama alikuwa dirishani. Aliuona mwavuli unapanda njia, akaliona na jani mkononi mwa mzee.

"Hodi humu!"

Mama akarudi nyuma polepole, akaketi kwenye kiti cha jikoni, mikono ameifumbata kwapani kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Hodi! Mama, ni mimi. Najua umo, moshi unatoka."

Moshi ukaendelea kutoka. Mama akaendelea kukaa. Mzee akagonga tena, akakohoa, akasubiri mvua ipungue, akaondoka na jani lake. Na mama akajifariji hivi: Sikukataa kusamehe. Mimi sikuletewa kitu. Mikono yangu haikushika chochote.

Ni hoja ya kimahakama kabisa, sivyo? Sisi nasi tunazo kama hizo, na tunazijua kwa moyo.

Baada ya hapo mama akamwajiri mtunza bustani, mwanamume mmoja kutoka Singida, mchapakazi, mwingi wa utani. Wawili hao ndio waliouponya ule ukingo. Waling'oa zulia lote. Waliliondolea kaburi tope, wakausimamisha msalaba upya. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti ya asili na majani marefu ya mabingobingo ya kushika udongo. Na kila masika, kila vuli, pale ukingoni pakawa panaongezeka isale. Moja, kisha jingine ubavuni mwake, mstari ukatambaa kutoka kaburini kuelekea kwenye njia. Mama akapendezwa nao. Akafanya mtindo wa kwenda na mkasi wake, kuchagua majani mazuri, kuyaleta ndani na kuyasimamisha kwenye jagi la udongo katikati ya meza ya wageni.

Mwaka mmoja mvua ilipiga vibaya. Kingo za majirani ziliporomoka, ukingo wake ukasimama. Mama akatoka nje na mwavuli, akamwambia mtunza bustani, "Mwanangu, masale yameshika!"

"Yameshika, mama!"

Wakapeana mkono kwenye mvua, kila mmoja akimpongeza mwenzake. Kumbukeni mkono huo.

Sasa turudi asubuhi yetu, asubuhi ya lile parachichi lisiloonekana. Muuza maziwa alifika, akatua ndoo yake mlangoni.

"Mama, umesikia?"

"Sijasikia."

"Yule..."

"Yule nani?"

"Jamani, yule wa njia panda. Anaondoka leo. Kapata kazi Mtwara, kwenye hoteli. Lori la ndizi likishapakia, ndiyo hivyo tena."

Mama akainama, akachungulia ndani ya ndoo. "Leo maziwa yako yana maji."

"Maji! Ng'ombe wangu hajui hata bomba liko wapi!"

"Basi kanyeshewa."

Muuza maziwa akamimina, akafunika ndoo. Alipofika nje akageuka. "Mtwara ni mbali, mama."

"Nilisoma jiografia," akasema mama, akafunga mlango. Akabaki amekishika kitasa cha mlango muda mrefu kuliko mlango unavyohitaji. Kwa miaka yote alijua kwamba akichungulia kutoka ukingoni jioni, ataona moshi wa chapati kule chini njia panda. Hakuwahi kusema kwamba huchungulia. Leo, lori likiondoka, moshi ule haungekuwapo tena.

Lakini wageni walikuwa mezani. Mke na mume, walimu wastaafu kutoka Morogoro. Yule mke akagusa majani kwenye jagi. "Mama, haya ni mazuri mno. Nimeyaona hata kule juu yamejipanga kama askari. Yanaitwaje?"

Mama alilipenda swali hilo. Wageni wote waliliuliza, na yeye alikuwa na namna yake ya kulijibu. Alichomoa jani moja, akalilaza kwenye viganja vyake viwili, akawaeleza desturi yote kama nilivyowaeleza ninyi.

"Hata kama kosa ni kubwa?" akauliza mume.

"Hata kama."

"Na aliyekosewa hana la kusema?"

"Akishalishika, hana."

Yule mke akacheka, akalitazama jagi. "Basi wewe una msamaha wa kutosha kijiji kizima!"

Wakacheka wote. Mama naye akacheka, akachukua mkasi kwenda kuchuma mengine, kwa sababu yale ya jagini yalianza kunyauka.

Kwa kawaida, baada ya mvua ya kwanza, mtunza bustani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ukingoni. Asubuhi hii alikwenda kwanza kuomba samadi kwa jirani na toroli lake. Kwa hiyo mara hii mama ndiye aliyetangulia. Akachuma jani, akachuma la pili, akatembea na mstari mpaka mwisho wake.

Mwishoni palikuwa na isale jipya. Kipande kinene cha shina, kimekitwa kwenye udongo uliolainika, na udongo umekandamizwa kwa kiganja, alama za vidole bado zinaonekana. Kando yake jiwe, lenye tope upande mmoja. Pigo moja tu la jiwe, kwenye ardhi iliyolowa, linatosha.

Tup!

Na jani refu kuliko yote la isale lile lilikuwa limefungwa kifundo. Kifundo kibichi, na tone la mvua limekaa juu yake. Chini, nyayo za miguu mitupu, za mtu mzima. Zilikuwa zimeelekea kaburini zikasimama hapo, kisha zikarudi njiani, zikashuka.

Mama hakuweza kuliinua buti lake. Akasikia gurudumu la toroli likilia nyuma yake.

"Mwanangu," akaita bila kugeuka. "Isale hili umelipanda lini?"

"Lipi, mama? Hilo? Mimi sijapanda."

"Na yale mengine?"

"Mimi? Mama, mimi ni mtu wa alizeti na vitunguu. Sijawahi kupanda isale hata moja. Si wewe unayepanda? Kila mvua ya kwanza nikiamka nakuta limeongezeka. Nikasema, huyu mama ana bidii, analima mpaka usiku. Tena nikasema hayo ni mambo yenu ya kimila, nisiyaingilie."

"Yote haya," mama akasema, na mkono wake ukaufuata mstari mpaka kaburini. "Yote haya hukupanda wewe."

"Mimi nilipanda mabingobingo. Ule mwaka wa mvua nilikupa mkono kukupongeza wewe kwa masale yako."

Mama akanyoosha kidole kwenye kile kifundo. "Na hiki?"

"Ah, hicho! Samahani, leo nimechelewa. Huwa nakikata mapema, wageni hawajaamka. Kila isale jipya huja na kifundo kama hicho, sijui kwa nini, nami naona kinaharibu sura ya bustani."

"Ukishakikata unakipeleka wapi?"

"Kwenye mboji. Si ulinifundisha mwenyewe kwamba hapa hatutupi kitu?"

"Na mboji?"

"Naweka kwenye mnafu, mama. Ile mboga yako unayoisifia kwa wageni."

"Yewomi, ole wangu," akasema mama. Akakaa chini pale pale kwenye tope, na kitenge chake safi.

Msamaha alioombwa, alikuwa ameula. Ameupika na karanga, amewapakulia wageni, amewaambia waongeze.

Kisha akatazama mapajani pake. Mkasi. Na majani aliyotoka kuyachuma sasa hivi, yamelala mkononi mwake mwenyewe. Ile mikono aliyoifumbata kwapani ili isishike! Ilikuwa imeshika. Masika na vuli, masika na vuli, ilikuwa imekwenda yenyewe ukingoni, ikachagua yaliyo mazuri zaidi, ikayaleta ndani, ikayaweka mahali pa heshima. Na mdomo wake ukawasomea wageni sheria: akishalishika, hana la kusema. Wapendwa, mama huyu alikuwa ameshapokea. Ameshapokea miaka mingi. Deni la hasira lilikwisha zamani, na yeye aliendelea kulidai.

"Mama, nimekosea wapi?" mtunza bustani akauliza, ameivua kofia.

"Hukukosea wewe. Niinue."

Akamwinua. Mama akarudi mpaka mwanzo wa mstari, kwenye isale la kwanza kabisa, lililo karibu na kaburi, lililokwisha kumpita urefu. Akachuma jani moja. Akajaribu kulifunga kifundo, likamponyoka, akajaribu tena, likakubali.

"Kumbe kukata kifundo ni kosa, kukifunga ni sawa," akasema mtunza bustani, akijaribu kumchekesha.

"Hili si la bustani," mama akasema, na tayari alikuwa anashuka njia, mabuti yanateleza, kitenge kimejaa tope.

"Mama! Na wageni je? Nikawaambie nini?"

Akajibu bila kugeuka, sauti ikipanda kutoka kwenye migomba. "Wape mtori! Waambie nimekwenda kuomba msamaha!"

Mmesikia alivyosema? Hakusema nimekwenda kusamehe. Yeye aliyekosewa, yeye mwenye kaburi lililofunikwa na tope, ndiye anayeshuka mlima na jani lililofungwa kifundo. Kwa nini?

Kwa sababu pale ukingoni alipima, na sisi leo tupime naye. Kosa la binti lilikuwa kubwa, mimi sitalipunguza. Lakini lilitokea asubuhi moja ya mvua. Kosa la mama lilitokea kila asubuhi, alipofungua madirisha na kutandika meza na kutolitaja jina. Binti alibomoa ukingo mara moja, kisha akaja usiku wa kila mvua ya kwanza, bila viatu, kuujenga. Ni nani aliyekuwa anaushikilia mlima ule ili mama yake alale salama? Yule yule aliyefukuzwa chini ya bati.

Na sisi, ndugu zangu? Sisi tunapenda bustani safi. Tunapenda nyumba isiyo na kitu kinachokumbusha. Ndugu yako aliyekukosea anakutumia salamu kwa mtu mwingine, na wewe unasema huyo mtu anapenda kuongea sana. Mtoto aliyekuvunja moyo anakupigia simu sikukuu, anauliza habari za ng'ombe, habari za mvua, anakata. Unasema hana la maana. Jirani mliyegombana anafagia mpaka upande wako wa njia. Unasema anajipendekeza. Ndugu zangu, hivyo ni vifundo! Sisi tunavikata mapema, wageni hawajaamka, kwa sababu vinaharibu sura. Tunavitupa kwenye mboji, halafu tunasimama hapa kanisani tunasema, mimi niko tayari kusamehe, ila hajaniomba.

Hajakuomba? Nenda ukingoni mwako leo ukatazame ni nini kimekuwa kikiota pale. Tazama ni nani anayekuombea kimya kimya, anayekutunzia wazazi, aliyekulindia heshima ulipokuwa hupo. Tena tazama mikono yako. Huenda umekwisha kupokea, na kinachobaki ni kufungua mdomo.

Wengine tunangoja mtu apande mlima aje kwetu. Naye amepanda. Amepanda mara nyingi kuliko tunavyojua, akashuka gizani, akarudi kwenye chapati zake. Leo zamu ya kushuka ni yetu. Msiniulize kama ni haki. Mama yule hakuuliza, alikuwa na haraka, lori lilikuwa linapakia.

Mtaona kwamba katika mfano huu sijawatajia jina la mtu yeyote. Si mama, si mtunza bustani, si muuza maziwa. Nimefanya makusudi. Jina linalotakiwa ni moja tu, na mpaka sasa hakuna aliyelitaja. Twendeni naye njia panda.

Lori lilikuwa limejaa. Mikungu ya ndizi imepangwa mpaka juu ya bodi, injini inaunguruma, utingo anakaza turubai. Binti alikuwa ameipa barabara kisogo, amepandisha mguu kwenye ngazi ya pembeni, anafunga mfuko wake kwa kamba. Miguu yake ilikuwa bado na tope jekundu, tope la ukingoni, hakupata muda wa kuliosha.

Mama akasimama barabarani, anahema.

"Unasafiri, bibi?" utingo akamwuliza. "Huku kumejaa, labda ukae na ndizi."

Akatikisa kichwa. Akalishika lile jani kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele yake kama alivyokuwa akiwaonyesha wageni. Akafungua mdomo. Lililokuja kwanza lilikuwa lile alilolizoea, "yule", likamfika kwenye meno, akalimeza. Akatafuta jingine, chini zaidi, mahali ambapo hakuwa amefika tangu asubuhi ya tope. Dereva akapiga honi. Binti akakaza fundo la mwisho la kamba, akashika mlango.

Na mama akalipata. Lilikuwa pale pale alipoliacha, halijaoza, halijapungua. Akaliita kama alivyoliita siku ya kwanza, alipowekewa mtoto kifuani.

"Aikande."